Sahihi Yako Kwenye Karatasi ya Mapipa

Baba,

Maharagwe uliyoyaacha yakitoa maua tumeyavuna. Mama aliyapura mwenyewe nyuma ya jiko, hakutaka msaada wa mtu. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mpaka leo hana jina kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiwapa majina. Koti lako la kazini bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mtu anayeingia analisukuma kidogo, hakuna anayethubutu kulitoa.

Ningetamani barua hii iishie kwenye habari kama hizo. Lakini kuna jambo limetokea shuleni kwangu na jina lako limo ndani yake, na sina mwingine wa kumweleza lote. Mwanzo wake unaujua. Yaliyofuata ndiyo hukuyaona.

Unakumbuka siku uliyoshuka kwenye pikipiki ukiwa na nguzo nyeusi begani? Majirani walidhani umeiokota barabarani. Ofisi yenu ya kaunti ilikuwa imeamua kwamba itanunua kwanza vitu vilivyotengenezwa kwa taka, na vitu vinavyoweza kutumika tena, kabla ya kununua vipya. Nguzo ile ilikuwa ya chupa na mifuko iliyoyeyushwa. Uliikata kwa msumeno pale uani, ukamwonyesha Mama kipande. "Ona hapa," ulisema, "mchwa atang'oka meno." Miaka yote uliyokaa kwenye ile stoo ukikagua bidhaa zinazoletwa na masaplaya, nilikujua kama mtu wa kurudi nyumbani amechoka na kukataa. Viti vilivyolegea, rangi iliyotiwa maji, mabati membamba kama karatasi. Kwa zile nguzo nilikuona ukiipenda kazi kama mtu aliyeajiriwa jana. Akina mama waliotengeneza madawati kwa plastiki uliwajua kwa majina. Kila dawati ulilikalia kwanza wewe mwenyewe, na mwili wako ule, ndipo ukaliandika kuwa limefaa.

Watu wengine pale ofisini waliviita vitu vya jalalani. Uliwajibu, ukaja ukaturudia jibu lako mezani: "Kitu kutumika mara ya pili si aibu. Uliza tu mara ya kwanza kilitumika kufanya nini."

Halafu yakaja mapipa.

Jioni ile hukula. Obusuma, ugali wa Mama, ukapoa mbele yako. Ulinusa vidole vyako, ukaenda kunawa kwa sabuni, ukarudi ukavinusa tena. Mama akauliza kama ni malaria. Ndipo ukatueleza: mapipa makubwa ya plastiki, yaliyokwisha kutumika, yameletwa ili yagawiwe shule zisizo na maji, yakinge mvua kutoka kwenye mapaa. Saplaya alisema yalikuwa ya mafuta ya kupikia. Asubuhi kulipokuwa na baridi hayakunuka kitu. Uliyaacha juani makusudi mpaka saa saba, ukafungua kifuniko cha kwanza, ukarudi nyuma. Ilikuwa dawa ya kunyunyizia wadudu shambani.

Uliyakataa yote. Uliandika barua ya kuyakataa, saplaya akapewa siku za kuyaondoa. Na kwa kuwa hukumwamini, ulichukua msumari ukachora duara lenye mkato chini ya kila pipa, mahali ambapo mtu hapaki rangi. Ulinichorea duara hilo mezani kwa maji ya chai. "Hii ni yangu, mukhana," uliniambia mimi binti yako. "Hata yakienda mbali, yatajulikana."

Jumapili ya pili baada ya hapo ulianguka mlangoni mwa kanisa. Kiharusi. Siku tisa pale hospitalini, mkono wako wa kulia ukiwa juu ya shuka kama si wako. Ulijaribu kuniambia kitu, siku ya tatu au ya nne. Midomo ilisogea upande mmoja tu. Nilidhani unataka uji. Nikakupa uji, Baba. Nisamehe.

Tulipokuzika nilikaa nyumbani na Mama kwa muda, kisha nikarudi shuleni. Nilipoingia langoni nikaona mapipa sita yamepangwa chini ya paa la madarasa, yamepakwa rangi ya kijani, mapya kabisa kwa macho. Mvua ilikuwa imeyajaza. Sikuwaza lolote. Ulisema ulikuwa umeyakataa yale, basi nikaamini haya ni mengine, mazuri, ya baada yake. Tena nilifurahi. Nilisimama mbele ya watoto wangu wa gredi ya nne nikawaambia kwamba zamani vitu kama hivi vilikaguliwa na baba yangu, na hakuna kibovu kilichompita. Niliwaambia wanywe.

Siwezi kuandika hilo mara mbili.

Walikunywa siku tatu. Siku hizo zilikuwa za mawingu na baridi. Siku ya nne jua likawaka tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana Brenda, yule mdogo wa dawati la mbele ambaye uliwahi kumchongea penseli siku uliyopita shuleni, aliinua mkono akasema haoni ubao. Mate yalikuwa yakimtoka bila yeye kujua. Jasho likalowesha kola yake. Nilimbeba mpaka kwa mwenye pikipiki, tukaenda naye hospitalini nikiwa nimemkumbatia kati yangu na dereva, na njia nzima alikuwa akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Muuguzi alimfungua macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hakuniuliza alikula nini. Aliniuliza, "Huyu mtoto ameshika dawa ya shamba?"

Hapo ndipo nilipojua. Kabla sijaona chochote, nilijua.

Nilirudi shuleni nikafungua kifuniko cha pipa lililokuwa juani. Harufu ilinipiga usoni, ile ya mahindi yakinyunyiziwa dawa. Nilimwaga maji, nikalipindua. Duara lako lilikuwepo, na mkato wake, umechimba plastiki vizuri. Nikapindua la pili. Nikapindua yote sita. Walimu wenzangu walisimama kwenye baraza wakinitazama.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mama mwema, unamjua, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alitoa karatasi ya kupokea mapipa akaisukuma mezani kama kitu cha moto. Chini iliandikwa kwamba bidhaa zimekaguliwa na zimefaa kwa maji ya kunywa. Kisha jina lako. Kisha sahihi yako, na ile L kubwa ya Lihanda yenye mkia unaorudi nyuma.

"Mwalimu Mmbone," alisema, "mimi nilipokea kwa sababu niliona jina la Mzee."

Niliitazama tarehe. Ilikuwa siku ya tano ya kulazwa kwako.

Yule saplaya alikuja nyumbani siku mbili baadaye, mchana, na gari safi. Alileta sukari na mkate, akavua kofia mlangoni, akampa Mama pole kwa mikono miwili. Mama hakumjua, akamkaribisha. Alikaa kwenye kiti chako. Alisema ulikuwa rafiki yake na kwamba msiba ulimpata akiwa safarini. Alizungumza taratibu sana, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Mwalimu, nasikia kuna maneno shuleni. Mimi sina ubaya. Lakini karatasi iko, na imesainiwa na Mzee mwenyewe. Ukienda kusema yale mapipa yana sumu, watu watauliza ni nani aliyesema ni mazuri. Jibu litakuwa Lihanda. Mzee amepumzika na jina zuri. Kwa nini umwamshe?"

Nakuambia ukweli, kwa dakika nzima nilifikiri ana haki. Nilifikiria watu waliokuja kukuzika, jinsi walivyosimama mmoja mmoja kusema hukuwahi kula cha mtu. Nilifikiria Mama akipita sokoni.

Mama ndiye aliyemjibu. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Alisaini kwa mkono gani?"

Mtu yule akatabasamu. "Mkono wake, mama."

"Siku hiyo mkono wake wa kulia nilikuwa nimeushika mimi," Mama alisema. "Tangu asubuhi mpaka jioni. Haukuweza kushika kijiko. Chukua sukari yako."

Hakuichukua. Alivaa kofia, akatembea polepole mpaka kwenye gari, nami nikamfuata ili nifunge lango. Kabla ya kuingia alitazama upande wa msitu, kule njia ya Isecheno inakoanzia.

"Hii njia unayopitanga asubuhi kwenda shule," aliniambia, "iko na upweke sana. Unapitanga peke yako, sivyo?"

Nilifunga lango. Hata sikumwambia Mama. Lakini tangu siku hiyo naenda shule kwa kuzunguka barabara kubwa, na nikisikia gari likipunguza mwendo nyuma yangu nahesabu hatua mpaka linipite. Siku mbili mfululizo halikupita. Lilisimama tu, injini ikiunguruma, mpaka nikaingia langoni.

Nilienda kwa afisa wa afya ya umma. Mama alinipa karatasi zako zote za hospitali, amezifunga kwenye kitambaa chake cha kanisani. Nilieleza kila kitu tangu vidole ulivyovinusa, na mwisho nikaandika kwa mkono wangu: sahihi hii si ya baba yangu. Afisa alikuja shuleni na glavu, akachukua maji kwenye chupa, akayafunga mapipa sita kwa utepe, lori likayachukua. Watoto wanakunywa maji ya kisima cha kanisa tena, ya kubeba kwa madumu.

Brenda amepona, wanasema. Amerudi darasani. Anapoandika, herufi zake zinapanda juu ya mstari na kushuka, na yeye alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Mama yake hanilaumu. Kila asubuhi ananisalimia vizuri, na salamu hiyo ndiyo inayoniumiza.

Maneno yameanza, kama alivyosema yule mtu. Sokoni kuna wanaosema Lihanda naye alikuwa kama wengine, basi tu hakushikwa. Wale akina mama wa madawati wameambiwa wasilete mengine kwanza, ati vitu vya taka vimeleta balaa. Mmoja wao alikuja akalia hapa kwetu. Nilimwambia nitaliandika na hilo kwenye maelezo yangu kwa afisa, na nimeliandika: kwamba kosa si kununua kilichotumika. Kosa ni kuficha kilitumiwaje. Sijui kama kuna mtu atasoma mpaka ukurasa huo.

Lakini linaloninyima raha ni jingine, Baba. Uliponieleza mezani, ulisema mapipa yalijaza nusu ya stoo. Shuleni kwetu yalikuja sita. Niliuliza ofisini kwenu mengine yalipelekwa wapi, nikaambiwa orodha ya shule haionekani. Barua yako ya kuyakataa pia haionekani. Nilimtafuta dereva wa lori aliyeyabeba kutoka stoo. Alikubali kuongea nami akiwa amesimama, akitazama huku na huku. Alisema aliyashusha kule juu, Likuyani, kwenye shule kadhaa. Majina hayakumbuki. Moja ina lango la bluu, nyingine iko karibu na kinu cha kusaga mahindi. Nilimpelekea afisa habari hizo. Alisema ni lazima kwanza tusubiri majibu ya yale maji kutoka maabara, hawezi kuwatia watu hofu bure. Nilimuuliza majibu yatakuja lini. Alisema yatakuja.

Sitayasubiri. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya siku mbili, na aliniambia nisimwambie mtu ni yeye aliyenipa. Nimemsihi Mama aende kwa dada yake mpaka nirudi, kwa sababu jana simu ililia na sauti ile ya taratibu ikasema atapita leo kumjulia hali. Mama amekataa. Ameweka kiti mlangoni. "Aje," amesema. "Nitamwuliza tena ni mkono gani."

Ni Jumatatu asubuhi ninapoandika haya, begi langu liko tayari miguuni. Nakala za karatasi zako za hospitali nimeziacha kwa mchungaji, kama lolote likitokea.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi sitarudi nyumbani kabla sijaifikia shule ya mwisho, hata kama itanibidi niulize lango kwa lango. Na nakuahidi kwamba jina lako nitalibeba vile vile lilivyo, likitukanwa au lisipotukanwa.

Jua limetoka bila wingu hata moja. Litakuwa kali leo. Huko Likuyani saa hii watoto wanaingia shuleni na vikombe vyao, na bado sijui shule ya kwanza ni ipi.

Wako,
Mmbone