Mume Wangu Anamsikiliza Mwindaji, Mimi Ananijibu "Mmh"

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana wivu umenizidi nguvu, na tafadhali usitoe jina langu, hata haya majina ya wenzangu nimeyabuni.

Mume wangu, nimwite Stanley, anauza mitumba hapa sokoni Sumbawanga, ndiyo kazi inayotulisha tangu serikali iliporuhusu biashara ya mitumba, na mwaka jana alifungua belo lililotoka Tunduma akakuta, chini ya viatu vya watoto, sanduku la mchezo wa Kizungu lenye kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine zina pande nne, nyingine ishirini. Ningejua ningelitupa siku ile ile. Stanley alisoma seminari mpaka kidato cha nne na Kiingereza anakijua, basi akakaa na kile kitabu wiki baada ya wiki, akatoa majumba ya Kizungu yaliyokuwa kwenye hadithi zake akaweka milima yetu ya Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa, na sasa kila Jumamosi baada ya soko watu watatu wanakuja kwetu Malangali kuzunguka meza. Yeye anasimulia, wao kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi na anasema anachofanya, penye wasiwasi wanarusha dadu kujua kama amefaulu, hadithi inaendelea. Pesa hakuna, pombe hakuna, nasema kweli. Wawili ni wanaume, Enock wa mashine ya kusaga na Maganga anayetuletea maziwa, hao hawanisumbui. Wa tatu ni fundi cherehani, nimwite Redempta, hana mume, ana mwanya, na akicheka mtaa mzima unajua.

Mezani Redempta ni mwindaji. Jumamosi iliyopita nilikuwa nje nawapikia, maana kila wiki wanakula kwangu, siku hiyo samaki, migebuka ya Kasanga, na ugali wa ulezi, nikasogea dirishani kusikiliza. Walikuwa wamefika kwenye mto uliofurika, daraja hakuna, na nyuma yao majambazi wanakuja. Stanley akamgeukia akamuuliza, "Wewe mwindaji, unafanya nini?" Kisha, mshauri, akaweka viwiko magotini akamngoja, na yule alipoanza kueleza Stanley akawa anasema, "Enhe, halafu?" Mimi miaka tisa nimeolewa sijawahi kupewa hiyo "enhe, halafu". Nikimweleza jambo ananijibu "mmh" kabla sijafika katikati.

Redempta akasema anajitosa kuogelea. Nikasema moyoni, mjinga huyu, upinde utalowa na maji yatamchukua, si wakate mti wafunge kamba wavuke mmoja mmoja. Dadu ikarushwa, ikamkataa, akazama, na Mungu anisamehe nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu kwa sababu Stanley akasema kuna mvuvi katega wavu huko chini, mwindaji amenasa, yu hai. Akamwokoa. Mimi mwezi wa pili nililala na malaria, yeye akaenda sokoni. Nikashtuka migebuka imeungua.

Sasa keshokutwa kuna sala ya jumuiya na akina mama wameshaniuliza zile dadu ni za nini. Nimewaza niseme ni ramli na anayezileta ni Redempta, basi, yataisha yenyewe. Au nizichome jikoni? Au nibebe wanangu nirudi kwetu Matai? Nishauri haraka.

Mimi mwenye moto kifuani, Malangali.

MAMA LUCIANA ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole.

Tuanze na hilo la ramli, maana ndilo lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Usithubutu. Umezaliwa huko, unajua neno kama hilo likishatamkwa kwenye jumuiya hakuna wa kulirudisha. Mwanamke anayeishi peke yake kwa cherehani, wiki moja tu wateja wamekwisha, na wiki ya pili sitaki kuandika kinachoweza kumpata. Redempta hajamchukua mume wako. Wewe unataka kumchukulia jina, riziki na pengine uhai, kwa sababu ana mwanya na anacheka. Aibu.

Wakikuuliza jumuiyani, sema ni mchezo wa hadithi, na anayetaka aje aone mchana kweupe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta huyo hawara. Sikumwona. Nilichoona ni mto, na mke wa mtu aliyesimama dirishani mpaka samaki wakaungua kwa kuwa alitaka kujua watu watavukaje. "Wakate mti wafunge kamba." Nani alikuuliza? Hakuna, na hicho ndicho kinachokuchoma. Unaonea wivu kiti cha Redempta zaidi ya unavyomwonea Redempta mwenyewe.

Basi kiombe. Nimemuuliza mwenzangu hapa ofisini, Flavian, aliyeucheza mchezo huo chuoni, anasema anayeanza hahitaji Kiingereza wala kile kitabu, kitabu ni cha msimulizi. Wewe chagua mtu wako: jina, kitu kimoja anachokijua vizuri, na kitu kimoja anachokiogopa. Asiwe hodari wa kila jambo, atawachosha. Asiwe mke wa mtu, hiyo kazi unayo nyumbani. Ukikosea sheria watakuelekeza, ukirusha dadu vibaya utacheka kama wengine. Na usiende na nia ya kumzamisha mwindaji. Flavian ananiambia mezani hapo mtu hamshindi mwenzake, mnavuka wote au mnakwama wote, basi ile kamba yako utamfunga Redempta kiunoni kwa mikono yako na utaivuta.

Usidhani nimemsahau Stanley. Mwanamume anayejua kumngoja mtu amalize sentensi, halafu anamtupia mkewe "mmh", ana kosa, tena kubwa, kwa sababu tumeshaona kwamba kusikiliza anaweza. Mwambie hivyo leo, mkiwa wawili, watoto wakiwa nje. Mwambie na la malaria. Usilie kwanza, sema kwanza.

Halafu Jumamosi usipike. Watangazie mapema kila mtu aje na chake, maana mpishi ana safari ya kuvuka mto. Jioni ikifika chukua kigoda chako, ingia, kaa kati ya Enock na Maganga. Na Stanley akikwambia mezani kwake hakuna nafasi ya mkewe, hapo sasa wivu wako utakuwa na sababu, na mizigo ya Matai nitakuja mwenyewe kukusaidia kuifunga.