Mama Mkwe Ananishukuru kwa Laini Niliyoiona Imefutika

Mpendwa Lalla Mennana, naomba msaada wako kabla sijapewa zawadi nyingine nisiyoistahili. Mimi ni mke wa mtu hapa Meknes, nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi kwenye duka la mikate, na jina langu niite Ghizlan. Najua wanaokuandikia wengi hulalamika kwamba mama wakwe zao wanawachukia, lakini mimi kinachoninyima raha ni kwamba wangu ananipenda.

Haikuwa hivyo zamani. Kwa miaka tisa mama wa mume wangu, Lalla Touria, hakuwahi kunitaja kwa jina, mimi namwita Lalla kwa heshima, yeye kwake nilikuwa "mke wa Hafid" tu, na kila Ijumaa alikuja kwetu akala kuskusi yangu sahani nzima mpaka chini halafu akasema imepungua chumvi, na mimi nikainuka nikaleta chumvi bila kusema neno, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka nikawa naisikia ile sentensi kabla hajafungua mdomo.

Mwaka huu alijaliwa kwenda umra. Mume wangu akaniomba nimshughulikie simu, kwa sababu katika ukoo huu mimi ndiye ninayejua mambo hayo, na mimi, nakiri, nilifanya kwa moyo mmoja. Nilimnunulia laini ya eSIM ya safari, ile isiyo na kadi, wauzaji wakanitumia ule mraba wenye vitone, nikaufungua kwenye simu yangu, nikaupiga picha kwa simu yake, na laini ikaingia, ikakaa kimya ikisubiri afike Makka. Laini yake ya hapa nyumbani ikabaki palepale. Nikamwambia, "Lalla, ukifika utaiwasha hii, intaneti itakuja yenyewe. Kabla ya hapo usiiguse." Akanijibu, "Kwani mimi mtoto?"

Basi unajua mtu akienda kule anavyojitakasa. Alizunguka kwa majirani na jamaa wote kuomba radhi, alitimiza nadhiri zake, alisafisha nyumba, na alipomaliza nyumba akaanza kusafisha simu. Alifuta nyimbo za harusi, akafuta video inayomwonyesha akicheza kwenye ndoa ya mpwa wake, akafuta na umbea wote wa sauti aliotumiwa na dada yake, ambao peke yake ulikuwa nusu ya simu. Katika kufukua huko akakutana na laini ya pili, yenye namba ya nchi asiyoijua, maana hizi laini za wasafiri hutoka popote. Amenisimulia mwenyewe baadaye, akicheka mpaka machozi: "Nikasema, siendi mbele ya Kaaba na namba ya mwanamume nisiyemjua ndani ya simu yangu!" Akaifuta. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akasema ana hakika. Ikamuuliza tena, akasema ana hakika zaidi.

Sasa ndipo dhambi yangu ilipo, Lalla Mennana, na sijamwambia mtu isipokuwa Hafid. Siku mbili kabla ya safari nyumba yake ilijaa wanawake waliokuja kumuaga, mimi nazungusha chai na kaab ghzal, vile vileja vya lozi, nilivyooka mwenyewe, akanipa simu, "Mke wa Hafid, tupige picha." Nilipoishika nikaona juu kuna alama ya mtandao mmoja tu, nikaingia kwenye mipangilio, laini ya safari haipo. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Na papo hapo nikamsikia anamwambia jirani yake, "Nimeomba radhi kwa kila mtu, hata kwa huyu mke wa Hafid, ingawa sijui nilimkosea nini." Wanawake wakacheka. Na kweli alikuwa ameniomba radhi wiki ile, na mimi nilikuwa nimemjibu, "Nimekusamehe, Lalla," kwa mdomo. Nikafunga mdomo, nikapiga picha, nikamrudishia simu yake, nikasema moyoni, atajua mwenyewe.

Siku ya tatu yake kule Makka, baada ya alasiri, simu yangu ikalia nikiwa kazini. Ilikuwa yeye, kwa video, uso umemwiva kwa jua, nyuma yake ngazi na watu wanapita kama mto. Alikuwa ametoka mlango usio wa kwao, kikundi chake hakukiona, kadi ya hoteli ameiacha kwenye mkoba mwingine, na simu, nje ya hoteli, haina intaneti wala salio la kupiga. Alikaa pale kwenye ngazi karibu saa mbili, mtu mzima wa miaka sitini na nane mwenye sukari, mpaka mama mmoja wa Sudan aitwaye Bi Ihsan akamuona analia, akamuunganisha kwenye intaneti ya simu yake.

"Mke wa Hafid," akasema, "ile laini yako haifanyi kazi."

Nikamwambia, "Lalla, usiondoke hapo. Mpe huyo mama nizungumze naye."

Bi Ihsan akatokea kwenye kioo, miwani imemkaa upande. "Usiogope, mwanangu, ameshakunywa maji na tende amekula. Ila ana matusi kidogo."

"Sijamtukana mtu!" mama mkwe akasema kwa nyuma. "Nimeitukana simu."

Nilijaribu ule mraba wa zamani, ukakataa, ukasema umeshatumika. Nikanunua laini nyingine hapohapo, nikautuma mraba mpya kwa namba aliyonipa Bi Ihsan ili simu ya mama mkwe iupige picha kwenye kioo chake. Dakika zile za kusubiri, Lalla Touria aliniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Usikate, Ghizlan." Ndiyo mara ya kwanza kulitamka jina langu. Laini ikaingia, nikampata kiongozi wa msafara wao, nikamwelekeza mahali walipo, na Bi Ihsan, Mungu amlipe, alikataa kuondoka mpaka yule kiongozi alipofika akamshika mkono.

Aliporudi, uwanja wa ndege tulikuwa watu zaidi ya thelathini. Akampita mwanawe, akawapita dada zake, akaja kunikumbatia mimi. Tangu siku hiyo ni "binti yangu Ghizlan" kwa kila anayekuja kunywa maji ya zamzam, ameniletea shali ya hariri na saa, amesema aliniombea kwa jina mbele ya Kaaba kabla hajawaombea wanawe. Kuskusi yangu sasa anasema haina mfano, na sijabadilisha chochote. Mtaa mzima unamwita Hajja, ingawa alikwenda umra tu na hasahihishi mtu, na mimi wananiita mkombozi wa Hajja, wanawake wanaleta simu zao dukani niwawekee laini.

Namshukuru Mungu, namshukuru Bi Ihsan kila nikisali, na ningefurahi sana kama nisingejua ninachokijua. Kila akisema "binti yangu" nakumbuka zile saa mbili za ngazini. Nilimwambia Hafid, akashika kichwa: "Nyamaza, Ghizlan! Miaka tisa nimekaa katikati yenu kama mto wa kochi, leo mmepatana unataka kuharibu?" Niseme, Lalla Mennana, nimpoteze mama niliyempata juzi, au ninyamaze niendelee kupokea?

Mwenye shali isiyo yake, Meknes

*

Ghizlan,

Kwanza tumshukuru Mungu kwamba mama huyo amerudi salama, kwa sababu barua hii ingeweza kuwa na habari nyingine, na hapo usingekuwa unaniuliza habari za shali. Bibi wa miaka sitini na nane, mgonjwa wa sukari, juani, peke yake katikati ya umma wote ule. Ulijua laini haipo na ukapiga picha. Sitakupunguzia hilo hata chembe, na naona hata wewe hutaki nikupunguzie.

Lakini pia hukuiiba wala hukuifuta. Aliifuta yeye, kwa usafi wake, na simu ilimuuliza mara mbili. Na ulipopigiwa hukusita. Usijifanye muuaji, mwanangu, ulikuwa mtu mwenye kinyongo, na kinyongo kilipata nafasi.

Nikukaripie kidogo kuhusu hicho kinyongo, kisha tuendelee. Umekasirika kwa sababu alisema hajui alikukosea nini. Hebu niambie, angejuaje? Miaka tisa anakuambia chumvi imepungua, na wewe unainuka unaleta chumvi! Hukumwambia hata siku moja, "Lalla, maneno haya yananiuma." Hukumwambia, "Nina jina." Ulinyamaza kuhusu chumvi, ukanyamazia ya moyoni alipokuomba radhi, na ulipoona laini haipo ukanyamaza kwa mazoea yaleyale. Sasa mumeo anakushauri nini? Unyamaze. Hafid ni mtu mwema, nampa pole kwa miaka yake tisa, lakini katika jambo hili anajali usingizi wake kuliko roho yako. Usimsikilize.

Mwambie mama mkwe wako. Usingoje siku ya wageni, maana atalazimika kukujibu kwa ajili ya hadhira. Wala usimtume Hafid, wala usitume ujumbe wa sauti akaufuta pamoja na umbea. Nenda kwake asubuhi, mkiwa wawili, useme hivi: niliona laini imefutika kabla hujasafiri, nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, na ulipotea kwa sababu hiyo, niwie radhi. Basi. Usiseme shetani alikupitia, shetani ana kazi zake. Usiingize habari ya chumvi siku hiyo, utaonekana umekuja kufanya biashara. Hiyo ina siku yake, na siku hiyo ikifika, safari hii useme.

Akikasirika, acha akasirike, ana haki. Akirudi kukuita mke wa Hafid kwa mwezi mmoja, vumilia, umeweza miaka tisa. Mrudishie shali kama unaona inakuchoma, lakini naona hataipokea. Mwanamke aliyezunguka mtaa mzima akiomba radhi kwa makosa asiyoyajua, anajua namna ya kupokea radhi ya kosa linalojulikana. Na ukumbuke kwamba pale ngazini, simu yake ilikuwa na namba za wanawe wote. Alipiga yako.

Mpigie na Bi Ihsan, si kumwombea tu. Namba yake unayo, ulimtumia mraba. Mwambie huyo mgonjwa wake mwenye matusi yu salama, na watu wa Meknes hawajamsahau.

Sasa, kwa kuwa umefungua duka la pili ndani ya duka la mikate, na wasomaji wangu wengi wanajiandaa kusafiri, nimemuuliza binti wa dada yangu anayetengeneza simu, nanyi nyote msikilize. Hii laini ya eSIM haina kitu cha kuchomeka. Ndani ya simu kuna sehemu iliyojengwa tangu kiwandani, na laini inapakuliwa humo kama mnavyopakua picha. Ule mraba wa vitone si laini yenyewe, unaielekeza tu simu mahali pa kuichukua, na mara nyingi hutumika mara moja. Ukiifuta, usitegemee kuipata tena kwa mraba uleule, muulize aliyekuuzia. Kuizima ni jambo lingine kabisa, ukiizima inakungoja. Iwekeni mkiwa nyumbani, kwa sababu simu inahitaji intaneti ili kuipakua, na ndiyo maana bila yule mama wa Sudan lisingefanyika lolote. Namba ya nyumbani haiondoki, iacheni ipokee ujumbe wa benki, lakini ifungieni data ya nje ya nchi, na data ichukuliwe kwenye laini ya safari. Kabla ya kununua, ulizeni kama simu yenu inakubali, maana za zamani nyingi hazikubali. Na andikeni jina kwenye hiyo laini, muiite Makka au muiite jina la paka wenu, mradi mtu asiidhanie mwanamume.

Neno la mwisho ni lako, Ghizlan. Katika barua nzima sikuona popote kwamba umemfundisha mama huyo kuiweka laini mwenyewe, hata baada ya yote hayo. Mtaa mzima unakuja kwako, naye pia. Nadhani najua kwa nini: unaogopa kwamba siku akiweza bila wewe, "binti yangu" itakwisha.

Ukishamwomba radhi na yeye ameshamaliza hasira zake, kaa naye, simu iwe mkononi mwake, si mwako. Aiwashe, aizime, aione namba ngeni na ajue ni yake. Arudie mpaka achoke nawe. Halafu nenda nyumbani ukasubiri. Siku atakapokupigia na simu yake haina tatizo lolote, usimuulize, "Lalla, kuna nini?" Zungumza naye.

Lalla Mennana