Maharage ya Kuhesabia

Mpendwa mama,

Juzi Jumapili Neema kaleta maharage tena. Mdogo wangu anaendesha gari toka Springfield hadi kwangu Wheaton na bakuli la maharage yako yenye mistari myekundu, yameungwa kwa nazi. Yamepikwa. Siku zote yamepikwa, na kilichopikwa hakioti.

Unakumbuka ulivyompa mbegu alipoaga kuja huku ughaibuni kwa mumewe? Ulizifunga kwenye kanga, umezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Nami nikanyoosha mkono. Ukasema, "Mbegu ni ya mwenye jiko lake." Mimi mkubwa, sina mume, nikabaki na mkono wangu. Wivu ule haujanitoka, mama. Nikiiona bustani ya Neema roho inaniuma.

Nikimwomba hucheka. "Dada, olewa kwanza bwana. Mama ndiye alisema, mi nafollow tu."

Kazi yangu ya maabara unaijua: kutambua mbegu. Tuna kioo kidogo chenye vidoa vingi mno. Kila kidoa kinanasa kipande chake cha vinasaba, na vinavyowaka vikisomwa pamoja ndiyo alama ya kidole ya mmea. Basi nikachuma jani bustanini kwa Neema, kimya kimya. Niliomba mbegu yake iwe ya dukani. Niliomba kabisa, kwa magoti.

Ya kulinganisha nilikuwa nayo: yale maharage ya kuhesabia uliyonishonea kwenye kimfuko nilipoanza darasa la kwanza. "Usiyapoteze," ulisema, Neema ukiwa naye tumboni. Nimehama nayo kila nyumba. Nikasaga moja.

Majibu yalipotoka, ni mbegu ileile, kidoa kwa kidoa. Nililia kwa hasira mbele ya kompyuta. Ulinipa mimi kwanza, mama, yeye hata hajazaliwa! Mimi nikayahesabu, yeye akayapanda. Yaliyobaki nimejaribu kuyaotesha. Yamezeeka, yameozea kwenye pamba.

Bado nina wivu, sikufichi. Lakini Jumapili ijayo mimi ndiye nitakwenda Springfield, nichume maganda makavu mbele ya macho yake. Akiniuliza nimeolewa lini, nitamwambia mama aliniozesha nikiingia darasa la kwanza.

Pumzika kwa amani, mama. Mbegu niachie mimi.

Mwanao wa kwanza