Fomu ya Falonne

Lubumbashi, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima zote. Mguu umepona? Na samaki wanapatikana ziwani hapo Kilwa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Barua hii nimempa Damien, dereva wa lori, maana anasema barabara ya Kasomeno bado inapitika. Kwa simu nimejaribu mara mbili kukuambia neno hili. Nikisikia sauti yako, naanza kuongea mengine.

Uliniambia kwamba mdogo wangu Falonne amechagua option ya commerciale, masomo ya biashara, na kwamba Jumatatu utaweka kidole kwenye fomu yake ya shule. Ukacheka ukisema ameachana kabisa na injini za mitumbwi za mjomba Ngosa, eti mikono yenye mafuta haiingii banki. Mjomba naye analalamika: nani mwingine atasikia injini inaugua kabla haijazima? Mwalimu alipomuuliza sababu, Falonne akajibu, akinitaja mimi dada yake mkubwa: yaya yangu iko banki, na miye nitaingia banki. Ile picha yangu ya suti mbele ya vioo ameibandika juu ya kitanda.

Mama, kuna jambo nimekuficha.

Ni kweli, kila asubuhi naenda banki. Lakini siingii. Nakaa nje kwenye ngazi, na kalamu zangu, nikiwajazia karatasi watu wasiojua kuandika. Walinzi wananiita Directrice wa Inje, yaani mkurugenzi wa nje, nami nacheka nao. Suti ni ya Benita, jirani yangu. Diploma yangu ya commerciale nimeipeleka kila ofisi kwa miaka miwili. Wananiambia nirudi mwezi ujao. Mliniuliza kama nimefika banki, nikajibu ndiyo. Kesho yake mkatoa shukrani kanisani kwa ajili yangu, nikashindwa kurudi nyuma.

Falonne, najua ni wewe unayemsomea mama. Usiruke mstari hata mmoja. Ukitaka commerciale bado, ichague, lakini si kwa sababu ya picha ile. Mimi katika umri wako sikuwa na kitu ambacho mikono yangu ilikijua. Wewe unacho.

Nisalimieni mjomba Ngosa na jirani wote.

Mama, Jumapili unipigie wewe mwenyewe. Nikikusikia umekasirika, nitajua amesoma yote.

Binti yako,
Chomba