Nimetoboa Ukuta wa Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, na kwangu hilo si jambo dogo, maana tangu mvua za kwanza nimelala na ugonjwa wa kifua, hospitali wakanidunga sindano hata nikachoka, kisha wakaniruhusu kurudi nyumbani kukaa na watu, ila sindano ziendelee, na nyumba yetu ni tembe, nyumba ya udongo ya marehemu baba mkwe, haina dirisha hata moja, ni moshi na giza tu. Asubuhi moja mwanga ukapenya kwenye ufa wa udongo, mwembamba kama uzi, ukatua juu ya kibuyu cha maziwa, ukapanda taratibu mpaka kwenye mahindi yaliyoning'inia kwenye boriti, na mimi niliyekuwa nikiomba nife haraka nikaanza kuingoja asubuhi. Nikamwomba mume wangu Silvester atoboe dirisha, akasema tumwulize mama, na mama mkwe akajibu, "Ukuta wa mgonjwa hautobolewi, mwanangu. Hapo unaichimbia maiti njia ya kutokea." Basi Jumapili walipokwenda misa nikachukua jembe, nikatoboa mwenyewe. Mshauri, nililia kwa furaha, mwanga uliingia wote, hata buibui nilimwona mzuri. Sasa mama mkwe haingii kwangu, na Silvester amekwisha kanda udongo wa kuziba, anangoja neno langu. Nizibe nipate amani, au nibaki na mwanga wangu niitwe mkaidi?

Tekla, Kalenga, Iringa

Dada Tekla,

Kwanza nikugombeze. Daktari anakwambia pumzika, wewe unashika jembe? Ungekutwa umeanguka kwenye kifusi, mama mkwe angekuwa ameshinda kesi. Tena ukuta ni wa marehemu mumewe. Mpelekee kuku, piga magoti, omba radhi kwa kufanya kwa siri. Kwa dirisha lenyewe usiombe radhi. Kifua kinataka hewa na jua, na mtu aliyekuwa akiomba kufa, leo anagombania dirisha, huyo amekwisha kuchagua kuishi. Nimefurahi mno.

Silvester, najua na wewe unasoma. Udongo ulioukanda usiutupe, lainishia kingo za dirisha, kisha uchonge kifuniko cha mbao, maana baridi ya Iringa haina utani.

Tekla, sindano zisikatike, na makohozi uteme kwenye kopo lenye kifuniko. Halafu mwite mama aje kwako kuchambua maharage, macho ya uzee yanapenda mwanga. Kigoda chake kiweke pale jua linapotua. Siku utakayomkuta amekikalia bila kuitwa, usicheke wala usiseme neno. Mwongezee maharage.