Binti Yangu Hataki Kunitoa Kwenye Video

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja maana asubuhi hii hakuna mtu, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, mimi ni kinyozi, nina kitindamimba wangu wa kike anayesomea kutengeneza video chuoni, na kazi yake ya mwisho ni video ya wimbo wa mwenzake wa darasani, kijana mpole sana, wimbo wenyewe unahusu mtoto anayeaga nyumbani, basi binti akasema, baba wa kwenye wimbo utakuwa wewe, tutarekodia kwako saluni, nami nikakubali hata hajamaliza kusema.

Kazi yangu ilikuwa kumnyoa yule kijana huku anaimba, ila muziki ulipokolea nikaona nisisimame kama nguzo, nikaweka mashine chini nikacheza, Shangazi, nilicheza, binti akawa anacheka nyuma ya kamera, nikadhani anafurahi, nikaongeza, mke wangu alipoonyeshwa akasema, baba watoto mbona unacheza kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, nikajua huo ni wivu.

Sasa pale chuoni wana utaratibu, video kabla haijakamilika inaonyeshwa kwa watu wasioijua, wanasema wamependa wapi na wamechoka wapi, mwanafunzi anakwenda kurekebisha, na alama zinatoka humo. Nikaenda bila kumwambia, nikakaa nyuma kabisa na kofia yangu nimeishusha hadi kwenye nyusi, nilipoanza kucheza ukumbi ukacheka, siyo kicheko kizuri, ni kile cha pembeni, wengine wakatoa simu, na kijana aliyekaa kando yangu akitafuna njugu akaninong'oneza, huyu mzee angetolewa wimbo ungepona, au siyo mzee, nami nikamjibu, kweli kabisa. Mwishoni kuna kipande nilidhani kamera imeshazimwa, nampangusa yule kijana nywele shingoni kwa brashi, napuliza nyuma ya sikio, namkunjia kola yake, hapo watu wakanyamaza tu, hata wa njugu akaacha kutafuna, nadhani walikuwa wameshachoka. Taa zilipowashwa kila aliyeinua mkono alizungumzia kule kucheza, ni kurefu, kunaharibu, mama mmoja akasema, huyo baba anatuangalia sisi wakati mtoto wake ndiye anaondoka. Nikatoka kabla sijajulikana.

Binti alirudi nyumbani macho mekundu, akamwambia mama yake, nitakata chochote wanachotaka lakini baba hatoki, asiyempenda afumbe macho. Mwalimu ameshamwonya kwamba akipeleka ilivyo itaonekana hajui kusikiliza watazamaji, na atarudia mwaka. Halafu akanigeukia mimi, baba, wewe umeionaje, nikasema, safi sana mwanangu, usiguse kitu.

Nataka nitoke ili mtoto apite. Lakini ukweli wenyewe naona haya kuusema, nikiwaza hiyo video bila mimi roho inaniuma, wateja wote nimeshawatangazia, na saluni ikiwa tupu huwa nafungua simu najitazama, maana katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunipiga picha nikiwa kazini. Nimepanga nimdanganye kwamba wazee wenzangu wamenikataza kuonekana, anitoe bila kuumia. Nifanye hivyo, au nimpigie mwalimu wake? Kazi inapelekwa Ijumaa.

Ni mimi, Mzee wa Kofia.

*

Mzee wa Kofia, marahaba.

Nimecheka, kisha nikafuta macho. Sasa tulia kwenye hicho kiti, maana leo nakunyoa bila maji.

Hao wazee wenzako waache huko huko walipo, hawajakukataza kitu. Na mwalimu usimpigie, binti yako si mtoto wa chekechea. Mficha uchi hazai, baba. Ninyi wawili mnafichana kwa sababu mnapendana, na kwa mwendo huo mtapendana hadi mtoto arudie mwaka.

Nikuulize jambo la kazini kwako. Ukimaliza kunyoa, unashika kile kioo kidogo nyuma ya kisogo cha mteja. Anasema, safi tu mzee, analipa, anaondoka, na humwoni tena, kumbe amekwenda kwa kinyozi mwingine kurekebishwa. Unaumia, siyo? Ungemshukuru angesema, hapa umepanda juu mno. Basi binti yako alikaa mbele yako akauliza umeionaje, nawe ukajibu kama mteja huyo, tena ukaongeza asiguse kitu. Kwa hilo nakugombeza, na ninakugombeza kweli.

La pili, umesikiliza vibaya. Watu waliochoka hawanyamazi. Wanakohoa, wanajigeuza, wanatoa simu, na uliwaona kwa macho yako. Mtu akiacha kutafuna njugu zake, huyo ameguswa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kucheza kwako kulijitembeza ukumbi mzima, mikono yako juu ya ile kola ikajiuza yenyewe. Umeniandikia barua ndefu, lakini hicho ndicho kipande pekee ulichokipita haraka.

Binti naye amesikia vibaya. Yeye amesikia, mtoe baba. Hakuna aliyesema hivyo, ukiacha huyo wa njugu ambaye baadaye alinyamaza kama wenzake. Yule mama alisema baba amwangalie mtoto wake. Huko si kukukataa. Anakudai wewe zaidi, na mbwembwe zipungue.

Kwa hiyo leo jioni mwite. Mweleze kwamba ulikuwa pale nyuma, na kofia ilikuwa yako. Atalia, mwache alie. Mwambie hapa walicheka vibaya, hapa walitoa simu, hapa walinyamaza. Halafu mwambie kucheza kukatwe kote, kisibaki hata kipande cha kukufurahisha, na ile kola ipewe nafasi, ikiwezekana ndiyo ifunge wimbo. Akimaliza kurekebisha awaonyeshe tena watu wasiomjua, kabla ya Ijumaa. Asiwaeleze chochote mwanzoni wala asijitetee mwishoni. Na macho yake yasiwe kwenye video, awatazame watu, maana nyuso zinasema yale ambayo midomo inaona haya.

Hicho kipande cha kucheza asikifute. Akupe, ukiweke kwenye simu, mkitazame nyumbani na mama watoto anayejua habari za funguo. Nacho kina wapenzi wake, ni wawili tu na mmoja ni wewe.

Na kutaka kuonekana usikuonee haya. Miaka yote hiyo umeshika kioo ili wengine wajitazame, mwanao ndiye aliyegeuza kioo upande wako. Ndiyo maana hataki utoke. Kile alichokitaka kionekane anacho tayari, ulikifanya ulipodhani hakuna anayekutazama.

Mara hii kaa safu ya mbele, kofia iache saluni. Kijana yeyote akikunong'oneza, mzee, huyo baba ni nani, usimjibu kweli kabisa. Mwambie, ni mimi, na aliyeitengeneza ni mwanangu.

Shangazi yako.