Wiski Tatu na Mgeni wa Kwanza

Pangani, Kibaha,
Mkoa wa Pwani.
Jumapili, 5 Januari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mage,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ian na binti yetu Fiona. Goti la shemeji linaendeleaje tangu afanyiwe upasuaji? Mwambie asijifanye kijana kwenye zile ngazi zenu. Na wewe usiache kuvaa soksi mbilimbili. Mama bado ananiuliza kila wiki kama huko kwenu jua limeshatoka.

Sisi hatujambo. Mimi siku hizi nalala vizuri. Mama miguu inamvimba kidogo ikifika jioni, lakini anakula, na sauti yake unaijua, haijapungua hata kidogo. Mvua za vuli zimetupa mchicha mwingi kuliko tunavyoweza kula.

Najua ulitaka nikusimulie kwenye simu. Simu hukatika, na haya nataka uyasome polepole.

Mzigo wako ulifika salama. Yule dada uliyempa alinipigia alipotua, nikaupokea kituo cha Kwa Mathias tarehe ishirini na nane. Chupa ilikuwa imeviringishwa ndani ya sweta. Chupa ninayo, sweta ameshalichukua Mama.

Sasa nikwambie ukweli, maana ulipoituma hukujua. Mwaka huu sikuwa na nia ya kufanya ile sikukuu ya kwenu. Tangu tulipomzika Adamu mwezi wa tano nilikuwa Kisarawe kwa Mama, na Mama alishaamua kwamba nyumba ya Kibaha ifungwe, apatikane mpangaji, mimi nibaki naye. Sikumkatalia. Nilimwomba kitu kimoja tu, niende nikafungue mlango Mwaka Mpya huu wa mwisho, halafu nifunge. Akakubali, ila akasema tutakwenda wote. Alikuja kuhakikisha kwamba nitafunga kweli.

Unakumbuka ilivyoanza, mlipokuja na shemeji mwaka 2006. Ian alitueleza kwamba kwao mtu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukiingia anatakiwa awe mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, amebeba mkaa, chumvi, mkate na wiski, ili nyumba isikose moto wala chakula mwaka mzima. Adamu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nywele nyeusi hapa Pangani tutazitafuta wapi. Kuhusu urefu, wote tulimgeukia jirani yetu Abeid, ambaye huinama kwenye kila mlango wa mtaa huu. Miaka kumi na minane hakukosa hata mmoja. Huja baada ya sala ya alfajiri, na kanzu yake, na mkaa wa shambani kwake Janga. Chupa humsubiri mezani, maana yeye pombe haigusi, na Ian alisema inahesabika.

Kitu ambacho hukukiona, kwa kuwa ulichelewa ndege, ni utani wa Abeid kwenye matanga. Yeye Mzaramo na marehemu Mnyamwezi, kwa hiyo alikuwa na haki yake. Siku ya tatu, watu wamejaa uani, akaingia ndani akafunga kabati la chupa za Adamu na ufunguo akautia mfukoni. Akatangaza kwamba Mnyamwezi huyu alikuwa akimnyima mtani kwa miaka yote akisingizia dini, basi sasa hanywi mtu. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka, ambaye tangu msiba nilikuwa sijacheka kabisa. Ilitakiwa tuugomboe ufunguo kwa kuku au chochote. Katika shughuli zile tukasahau. Mimi nikaenda Kisarawe na ufunguo ukabaki kwake.

Kwa hiyo niliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kwenda kumdai. Nilimkuta na mkewe Mboni wanachambua mpunga. Nikamsalimia, akaniambia aliona haya kunifuata Kisarawe na ufunguo wa pombe, Mama angemfikiria vipi. Nikampa jogoo niliyemnunua njiani. Akamgeuza-geuza kumkagua, akasema jogoo mwenyewe amekonda kama Mnyamwezi, ila atampokea kwa heshima ya marehemu.

Kabatini kulikuwa na chupa mbili ulizotuma miaka ya nyuma, na ya kwako ya mwaka huu ikawa ya tatu. Mage, ile karatasi uliyoiweka niliisoma mara nne. Ulivyoandika kwamba zote ni za shayiri tupu, kila moja ya kiwanda chake, na hakuna inayofanana na mwenzake, nilidhani ni maneno ya wauzaji. Uliniagiza nichague moja ya kumpokea mgeni, moja ya kula nayo na moja ya kumalizia, na nizinuse kwanza. Basi nikakaa mezani asubuhi ya tarehe thelathini, nikamimina kidogo-kidogo kwenye vile vikombe vyangu vya kahawa. Nikanusa ya kwanza, iliki. Ya pili, iliki na tangawizi. Ya tatu vilevile. Nilikaribia kukupigia simu nikwambie wamekuibia. Mboni ndiye aliyekuja akanichungulia, akaniuliza kama kuna kitu nimewahi kuweka kwenye vikombe hivyo kisinuke kahawa ya kwangu. Tukavitoa, tukachukua glasi za chai. Mboni akanusa kwa mbali, amefunga mdomo kwa kanga, akasema pua haina dhambi.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Ile ya bonde la mto Spey, ya miaka kumi na miwili, inanukia asali na ganda la chungwa, ni ya kumpa mtu anayeogopa. Ile nyeusi-nyeusi uliyosema imelala kwenye pipa la mvinyo, ni zabibu kavu na keki ya harusi kabisa, nikaiweka kwa ajili ya chakula. Ya tatu, ya kisiwa cha Islay, ilitupa taabu. Ni moshi, chumvi, na ile dawa ya kahawia ya kupaka kidonda. Mboni alisema hii imeharibika. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaisogeza pembeni nimwage.

Abeid alikuwa mlangoni, hataki kuingia, anasubiri mkewe. Akauliza ni ipi hiyo. Nikamwonyesha. Akaniambia nisithubutu. Kumbe kila Mwaka Mpya, sisi wanawake tukiwa jikoni, Adamu alikuwa akifunga macho kwa chupa ile na kumwambia inanukia kibuyu cha maziwa cha mama yake, namna alivyokuwa akikifukiza kwa kijinga cha moto huko Tabora. Nimeishi na mume wangu miaka thelathini na mmoja, Mage, na hilo sikuwahi kulisikia. Niliona wivu kidogo, nakwambia wewe kwa kuwa ni ndugu yangu. Halafu nikafurahi kwamba lipo, na kwamba aliyelitunza anakaa nyumba ya pili.

Lakini karatasi yako ilisema nisianze na ya moshi, maana ulimi utalala na nyingine hazitasikika. Kwa hiyo nikapanga kama ulivyosema, asali kwanza, moshi mwisho.

Tarehe moja Abeid akaja, kanzu imepigwa pasi, mkaa kwenye kikapu, chumvi, na mkate wa kumimina aliooka Mboni. Akainama, akavuka kizingiti, akasalimia. Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua bado kama amependezwa. Mizigo yake Mama ilikuwa imeshafungwa, iko nyuma ya mlango. Wageni walikuwa tisa, majirani na wale mafundi bomba aliofanya nao kazi Adamu.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na jambo nililokuwa nalikwepa. Unajua kwetu mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje kwanza mbele yao, atoe sumu. Miaka yote ilikuwa ni Adamu. Mimi unanijua, hata mvinyo wa altare hunipa kizunguzungu. Nilimimina, glasi zikakaa mezani, na watu wakaanza kuongea habari za mvua. Hakuna aliyegusa. Nikaelewa wanachosubiri, na mkono haukuinuka. Nilijiambia kwamba ndiyo mwisho, nyumba yenyewe inafungwa kesho, kuna haja gani.

Fundi mmoja, mtu mwema, akanionea huruma. Akanyoosha mkono akaniambia, "Mama, nipe mimi nikutolee sumu, tusikutese."

Abeid, na soda yake mkononi, akamzuia. "Kaa chini, bwana. Nyumba hii ina mwenyewe."

Nikaangalia glasi zile za asali, nikaona kwamba nikionja hiyo nitakuwa nimetimiza tu. Nikainuka nikachukua chupa ya moshi, nikajimiminia kiasi cha kidole kimoja na maji kidogo kama ulivyoelekeza, nikanywa. Nisamehe, sikufuata karatasi yako. Mdogo wangu, kwanza ni moto, halafu ni moshi, halafu ukingoja, kweli, kuna maziwa. Machozi yakanitoka hadharani. Abeid akawaambia watu, "Msimtazame shemeji hivyo. Huo ni moshi tu, Mnyamwezi gani wa kuliliwa mpaka leo?"

Walicheka wote, na Mama akacheka, akalazimika kujifuta kwa pindo la sweta lako. Kisha mikono ikaenda kwenye glasi, mmoja baada ya mwingine, na wakanywa. Wengi waliipenda ya zabibu. Ya moshi mafundi wawili walisema itafaa kwa kuua mchwa.

Walipoondoka nilikaa na Mama tukikusanya vyombo. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba nataka kubaki. Alianza yeye. Akaniambia, "Mimi kesho narudi Kisarawe peke yangu. Mtu akishatoa sumu mbele ya watu hafungi mlango. Ila kila mwezi uje unione, na usije mikono mitupu."

Basi nimebaki, Mage. Mpangaji hatutafuti tena. Leo nimefua mapazia na nimempelekea Mboni chupa tupu ya ile ya asali, aliitaka ya kutilia mafuta ya nazi, na nimeiosha mara tatu kwa maji ya moto ili dhamira yake itulie. Mwaka huu ukituma, usijisumbue kunichagulia. Niambie tu majina ya visiwa vingine, nitajifunza kunusa mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji Ian, umwambie desturi yake iko hai na mgeni wake bado anainama. Nisalimie Fiona, umwambie shangazi... hapana, mama mkubwa, anasubiri picha zake. Mwanangu Zawadi, yule wa Dodoma, anakusalimia, na Mboni, na Abeid, anayeuliza ni lini utamletea sweta na yeye. Mama amesema nisiandike salamu zake, atakupigia mwenyewe akuombe soksi.

Mungu awape joto ndani ya nyumba yenu na mlango usiokosa mgeni mwema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo na siku zote,

Stellamaris